Kiti cha Nyuma

Fundi Kassim alizikwa Jumanne baada ya swala ya adhuhuri. Mimi nilifika kwao Bofu, hapa hapa Likoni, siku ya hitma, maana magoti yangu siku hizi hayapokei amri ya ghafla. Nilimkuta mjane wake, Da Mwanasha, ameketi kwenye jamvi katika chumba cha ndani, amezungukwa na wanawake ambao nusu yao hakuwajua. Akanishika mkono na hakuuachia. Uani walikuwa wakipakua pilau na sahani zikigongana, na watu walipotuona vikongwe wawili tumeshikana wakadhani tunaliliana. "Sasa tumebaki mimi na wewe tu tulolijua lile gari," akaniambia. Nikamjibu, "Ni kweli, dada." Nilirudi nyumbani nikajilaza mchana, jambo nisilolipenda, na nilipoamka nikamwomba mjukuu wangu daftari. Mwaka ninaotaka kuusema ni wa sitini na mbili. Kila mtu wa rika langu anaukumbuka kwa siasa na mabishano ya nani atatawala pwani. Mimi naukumbuka kwa breki.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya kwanza. Mume wangu Bakari alikuwa dereva wa teksi, na gari lilikuwa lake mwenyewe, habari ambayo Likoni nzima iliijua kwa kuwa hakuacha kuisema. Tuliishi na mama yake, Mama Saumu, katika vyumba viwili vyenye ua mdogo nyuma, na dirisha langu lilitazama mahali gari lilipolala. Nasema lilipolala kwa sababu alilifunika shuka jipya la dukani, na mimi nikajifunika kanga kuukuu. Sikuona vibaya. Lilikuwa gari zuri, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na lilipopita watu walinyanyua vichwa. Tulipotoka, desturi ilikuwa moja na haikujadiliwa: mama mzazi hukaa mbele karibu na mwanawe, mke hukaa nyuma. Abiria wa kiume nao walipenda mbele, wapate kuzungumza. Kwa hiyo katika miezi ile yote, aliyekaa kiti cha nyuma mara nyingi kuliko mtu yeyote ulimwenguni alikuwa mimi.

Mtetemeko ulianza mimba ikiwa na miezi sita. Tulikuwa tukienda Magogoni kumjulia hali shangazi yangu, Mama Saumu mbele na mimi nyuma na kikapu cha mihogo. Gari lilipoanza kuteremka kwenye feri Bakari akakanyaga breki, na chini yangu kitu kikaanza kupiga. Kilipiga haraka kwanza, kisha polepole kadiri mwendo ulivyopungua, kisha kikanyamaza tuliposimama. Mtoto tumboni akageuka upande. Nikauliza, "Bwana, gari lina nini?" Akanijibu bila kugeuka kwamba barabara ni mbovu. Lakini tuliporudi lilitetemeka tena kila alipokanyaga breki, hata penye lami laini, na Mama Saumu akavuta uradi wake kwa sauti zaidi. Tangu siku hiyo nilianza kuuogopa mteremko ule. Nilijua mwezi wa kuzaa ungefika, na hospitali ilikuwa ng'ambo, na njia ya kwenda ng'ambo ilikuwa hiyo moja.

Gereji ya Fundi Kassim ilikuwa banda la mabati kando ya barabara ya feri, hatua chache kutoka kwetu, na wanaume waliokosa kazi walikuwa wakishinda pale wakitoa maoni. Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Walianza na magurudumu wakasema hayakukaa sawa. Wakaja kwenye beringi za mbele, Fundi akazibadilisha. Wakaja kwenye kingpini, vile vyuma vinavyoshikilia magurudumu ya mbele, na Bakari akashinda siku nzima bila abiria, amevaa shati jeupe, akimtazama mwenzake aliyelala chini ya gari. Mwisho wakazifungua dramu za mbele, zile sufuria za chuma zinazofunika breki ndani ya gurudumu, Bakari akazipeleka Changamwe kwa mtu mwenye mashine ya kukereza chuma, zikarudi zinang'aa kama zimesuguliwa kwa majivu. Siku ile tulikula wali wa nazi na papa, kwa furaha, Bakari akisema gari limekuwa jipya. Kesho yake nikapanda nyuma, tukateremka, na kitu kikanipiga chini ya nyonga kama mwanzo. Nikamwona kwenye kioo anaukaza uso.

Mimi ni mtu wa kutazama. Nilikuwa nikitazama mikono yake. Usukani ulitulia kabisa mikononi mwake wakati kiti changu kinacheza na kioo cha mlango wangu kinagongagonga. Yeye aliusikia mtetemeko mguuni, kwenye pedali, na kwa kuwa mguu wake uko mbele akaona ubovu uko mbele. Nikamwambia siku hiyo hiyo, uani, akinawa mikono: "Bwana, haupo mbele. Upo nyuma, chini yangu, zaidi upande wa kulia." Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, sitamnyima hicho. "Mwanamke na breki wapi na wapi? Ni hiyo mimba yakupiga mateke." Mama Saumu naye akasema, "Mwanangu, mwachie mwanamume chuma chake." Nikaenda kupalia makaa.

Kulikuwa na jambo jingine nililolijua. Kila Ijumaa asubuhi, akitoka safari za mbali za kusini na gari lote limejaa vumbi, Bakari alikuwa na mazoea ya kulishusha kwenye mchanga wa mkono wa bahari nyuma ya nyumba zetu, alioshe kabla ya kwenda msikitini. Na kwa kuwa alikuwa mjanja, aliogopa maji ya chumvi yasiingie kwenye injini, basi alirudi kinyumenyume mpaka magurudumu ya nyuma yazame nusu, ya mbele yabaki pakavu. Madereva wengine walimwiga. Mimi nilikuwa nikimpelekea chai, na nilisikia magurudumu yale yakipiga mluzi yalipogusa maji, mvuke ukapanda. Hakuna mwanamke aliyepika asiyeujua mluzi ule. Sufuria ya chuma ukiiondoa jikoni inawaka ukaitia maji baridi, siku hiyo haitapasuka, wala ya pili. Siku ya tatu utakuta mchuzi unavuja na hujui tangu lini.

Lakini nimwambie nani? Bakari hakuambilika, na Fundi Kassim alikuwa mwanamume wa watu, siwezi kwenda kusimama bandani kwake na tumbo langu nimfundishe kazi mbele ya wale watoa maoni. Nikafanya walivyofanya wanawake wote wa pale. Nilikwenda kwa mkewe. Da Mwanasha alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, mlango wazi, redio ya jirani inasema. Nilimweleza yote: mikono iliyotulia, kiti kinachocheza, maji ya bahari, mluzi. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho kwenye ungo. Kisha akasema, "Wajua kwamba haya yakitoka kwako, Bakari ataona umemvua nguo?" Nikamwambia, "Dada, nimebakisha mwezi mmoja na siku." Akasema, "Haya. Nitamwambia akila. Akila huwa msikivu."

Yaliyofuata alinisimulia Da Mwanasha mwenyewe jioni yake, na mpaka leo hajabadilisha neno. Fundi aliacha kijiko. Akamwambia, "Njoo, ukae nyuma." Bakari alikuwa ameliacha gari bandani, akaenda kupumzika. Fundi akampakia mkewe kiti cha nyuma, akaenda naye mpaka penye barabara iliyonyooka, akakimbiza gari kidogo, kisha akauondoa mguu kwenye pedali na kuivuta breki ya mkono taratibu. Breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Da Mwanasha aliruka kitini. "Yapiga?" "Yapiga, tena kulia!" Fundi akageuza gari mpaka bandani. Akaweka jeki, akafungua magurudumu ya nyuma, akazitoa dramu akazigonga kwa spana. Ya kushoto ililia kama kengele. Ya kulia ilitoa sauti ya kigae. Akaipangusa kwa mafuta ya taa, na ufa ukajichora kutoka katikati mpaka ukingoni, mwembamba kama unywele.

Bakari alipokuja, Fundi aliiweka dramu ile mikononi mwake, mchana kweupe, Da Mwanasha amesimama hapo na sinia la chakula. Akamwambia kwamba ikivunjika, breki zote nne zitakwenda, kwa sababu mafuta yatamwagika yote kwa tundu moja. Akamwambia asilipeleke gari hata kwenye mteremko wa feri mpaka apate nyingine, na kwamba yeye atamtafutia kwenye magari mabovu Changamwe, isizidi wiki. Bakari aliigeuza dramu, akautazama ufa, akapitisha ukucha. Kisha akauliza swali moja: "Nani alikwambia ufungue nyuma?" Fundi Kassim hakujua kusema uwongo. Alimtazama mkewe, na kutazama huko kulitosha, maana wote walijua Da Mwanasha ni shoga yangu. Wale watoa maoni waliokuwa kwenye benchi wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Kumbe fundi yuko kwako, Bakari, nawe wahangaika kutwa!" Bakari akasema, "Nifungie gari langu." Fundi akamsihi. Akasema tena, "Nifungie. Nitalitengeneza ng'ambo, kwa mafundi." Na Fundi akaifunga dramu ile ile, kwa mikono yake, maana gari ni la mtu.

Aliporudi nyumbani hakunipiga, Bakari hakuwa mtu wa kupiga. Alikaa kitandani akasema kwa sauti ndogo kwamba nimemvua nguo barazani, na kwamba hakuna abiria atakayepanda bila kumwuliza habari za mkewe. Nilimwomba radhi. Nilimaanisha. Kwa siku tisa tulikula kimya, yeye na mama yake sebuleni na mimi jikoni, na nikawa nasikia gari likiondoka na kurudi, nikitega sikio kama mtu anayengoja mgonjwa akohoe. Siku ya kumi akaja ananisemesha. Alikuwa ameleta zabibu. Akaniambia amebadilisha dramu kwa fundi mmoja ng'ambo, na limepona. Nikamwuliza, "Kweli?" Akasema, "Wallahi." Mimi nililelewa kwamba mtu akishaweka jina la Mungu kati yenu, kuuliza tena ni dhambi yako wewe. Nikala zabibu. Ijumaa yake nilimwona kupitia dirishani analirudisha baharini kinyumenyume, na mvuke ukapanda, na nikafunga dirisha.

Uchungu ulinishika asubuhi, jua limeshakuwa kali, nikianika nguo. Mama Saumu akaita watu, kanga zikafungwa furushi, Bakari akalileta gari mlangoni limeoshwa. Hata siku ile desturi haikuvunjwa: mama mbele, mimi nyuma peke yangu, nimeshika furushi. Hatukufika mbali. Mkokoteni wa nazi ukakatiza njia, Bakari akakanyaga breki, na chini yangu kitu kikapiga, safari hii na mlio, kama mtu anayetafuna mchanga. Naweza kusema uchungu ule wote niliusahau. Hofu iliyonijia ilikuwa ya baridi, nayo ilinitia akili. Nilingoja mpaka tulipojiunga na foleni juu ya mteremko, gari limesimama, nikafungua mlango nikatia mguu nje.

"Mwanaidi! Una wazimu?" Mama Saumu akapiga kelele.

"Mama, dramu haikubadilishwa. Muulize mwanao."

Mama Saumu akamgeukia. "Bakari. Ulibadilisha, hukubadilisha?"

Bakari alikuwa anatazama kioo cha mbele. Magari ya nyuma yalikuwa yakipiga honi, na watu waliokuwa wakiteremka kwa miguu walisimama kuangalia mwanamke mwenye tumbo anayeshuka teksini. "Panda, mke wangu," akasema. "Panda, watu watutazama." Hakumjibu mama yake. Mama Saumu alimngoja kwa muda wa pumzi mbili au tatu. Kisha yule mama, ambaye hajawahi kumwambia mwanawe hapana, akaokota buibui lake, akashuka, akaja kunishika kiwiko. "Tutakwenda kwa miguu," akasema. Nikamwambia Bakari aliegeshe kando, nasi tumsubiri. Nilimwambia kwa upole, Mungu ni shahidi. Honi zikazidi. Akasema, "Nitawangoja kwenye feri," akaachia breki.

Sisi tulikuwa pembeni, nimeinama na uchungu, nikauona mgongo wa gari unakwenda. Taa za breki ziliwaka. Kisha ukasikika mvunjiko, mkavu, wala haukuwa mkubwa, na gari likaanza kukimbia. Chini kulikuwa na watu tele, wachuuzi, wanawake na vikapu, watoto, wote wakingoja feri ishushe mlango. Bakari alipiga honi mfululizo. Halafu akalikata gari kwa nguvu kushoto, akaliingiza kwenye ukuta wa mawe. Hakuguswa mtu mwingine yeyote. Mimi nilivushwa na watu nisiowajua, na mwanangu Salim akazaliwa alasiri. Habari ya babake niliipata kutoka kwa uso wa Mama Saumu, alipokuja wodini bila buibui, alikuwa amemfunika nalo mwanawe.

Eda nilikaa katika chumba kile kile chenye dirisha, na mahali pa gari pakawa pa watu wa matanga. Nilisikia kila kitu. Nilisikia Bakari akisifiwa kwa kuwaokoa watu, na alistahili sifa hiyo, siku zote nimesema hivyo. Nikasikia pia sifa ile inavyotafuta mtu wa kulaumu. Wale wale wa kwenye benchi, waliomcheka, sasa walisema walimwona Kassim kwa macho yao akifungua na kufunga breki zile, na habari ya ufa hakuna aliyeikumbuka. Siku ya tatu Fundi alikuja kutoa pole. Nikamsikia mzee mmoja akimwuliza mbele ya watu, "Ni wewe ulofunga breki za marehemu?" Fundi Kassim akajibu, "Ni mimi nilofunga." Basi. Niliinuka na mtoto mikononi nikasogea dirishani, na Mama Saumu akanishika upindo wa kanga. "Nyamaza, mwanangu. Maiti hajitetei. Alo hai atajitetea mwenyewe." Nikakaa kitako.

Hakujitetea. Da Mwanasha alitaka kusema, naye akamkataza: mtoto yule hatamjua babake, alimwambia, mwachieni babake aliye mzuri. Magari yalianza kupita banda lake bila kusimama. Bendera ilipobadilishwa mwaka uliofuata, alikuwa anatengeneza baiskeli na majiko ya mafuta ya taa, na hiyo ndiyo kazi aliyozeeka nayo. Mwanangu alikua akiambiwa mitaani nani aliyemwua babake. Akiwa na miaka kumi nilimwona anapishana na Fundi Kassim njiani, hakumwamkia. Mtoto wa Likoni, anampita mtu mzima bila shikamoo! Fundi alipisha njia. Ningeweza kumwita Salim pale pale. Nilikuwa na kikapu mkononi, nikaendelea kutembea, na nimeendelea kutembea hivyo kwa miaka hamsini na zaidi.

Jana nilimwita nikamweleza. Yeye naye sasa ni babu, anavaa miwani. Nilimwambia yote, dramu mikononi mwa babake, kiapo, mlango nilioufungua. Nilitazamia atanikasirikia kwa ajili ya babake. Badala yake akauliza, "Mama, ulinyamaza kwa ajili ya nani?" Nikamwambia, kwa ajili yako. Akavua miwani, akaishika mapajani.

"Mimi nilikuwa naye jirani maisha yangu yote," akasema. "Nilikataa hata kulichukua jeneza lake lilipopita mlangoni kwangu Jumanne, nikaingia ndani. Usiniambie ilikuwa kwa ajili yangu."

Akavaa kofia akaenda kwa Da Mwanasha kwa miguu. Mpaka sasa ninapoandika, bado hajarudi.